Kamati ya Jumamosi

Eldoret ya siku zile haikuwa jiji, na yenyewe haikuwahi kujidai hivyo. Sisi wanafunzi ndio tuliouita Siti. Jumamosi asubuhi ungemkuta mtu nyuma ya bweni anahangaika na pasi ya makaa, na ukimuuliza anakwenda wapi angekujibu bila aibu, "Siti." Chuo chetu kilikuwa nje ya mji, katikati ya mashamba ya ngano, na mtu aliyeshinda siku tano akitazama ngano hawezi kulaumiwa akiona taa moja ya barabarani na kudhani amefika Ulaya.

Mimi nilitoka Tabora. Mpaka kati ya nchi zetu mbili ulikuwa umefungwa kwa miaka, na ulipofunguliwa tena, serikali zikaanza kupeana wanafunzi, kama majirani waliogombana wanavyoanza kurudishiana sufuria. Mimi nilikuwa sufuria mojawapo. Nilipewa mwaka mmoja wa kusoma, mjomba akanipa sweta, nikapelekwa juu kwenye baridi ambayo hakuna aliyenionya habari zake. Kwa upande wa siasa sikupata taabu, maana nilitoka nchi ya chama kimoja nikaingia nchi ya chama kimoja. Kwetu mgombea alishindana na kivuli, na kivuli kilishindwa kila mara. Kwao aliyebahatika alipita bila kupingwa, kwa hiyo hata kivuli walikiepusha na aibu.

Kilichonitoa jasho ni maduka. Kwetu wakati ule sabuni ikifika dukani, habari zake zilienea mtaani haraka kuliko habari za msiba. Jumamosi yangu ya kwanza Siti, nilisimama mbele ya rafu ya sabuni nikaangalia za kijani, za pinki, za manjano, zimepangwa kana kwamba hakuna anayezitaka. Nilisimama muda mrefu mpaka mlinzi akaanza kunizunguka. Rafiki zangu walinishika mkono wakanitoa nje taratibu, kama mtu aliyepatwa na kizunguzungu kanisani.

Rafiki hao walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa mkulima wa mahindi wa Soy, mrefu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Huyo tulimwita Mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua, lakini pia hakuna aliyekumbuka siku ambayo hakuwa Mwenyekiti, na katika miaka ile hiyo ilitosha. Wa pili alitoka upande wa Ziwa, mtoto wa mwalimu, mvaa tai hata siku ya kufua, na aliamini kwamba neno lisilosemwa kwa Kiingereza bado halijasemwa. Huyo alikuwa Katibu. Mimi, mgeni, nilibaki kuwa mwananchi.

Siku hiyo ya kwanza, kabla hatujashuka kwenye lori la chuo, Mwenyekiti alinipa semina. Picha ya Mtukufu Rais imo katika kila duka, usiinyooshee kidole. Habari za siasa usizianzishe, na wengine wakizianzisha wewe kumbuka umesahau kitu mahali. La tatu ndilo aliloliwekea mkazo. Saa kumi na mbili jioni, pale kwenye ofisi ya DC, askari hupiga firimbi na bendera huanza kushuka. Ukiisikia firimbi, simama. Usitembee, usiongee, usijikune. Magari husimama, baiskeli husimama, mwenye mkokoteni husimama na mkokoteni wake mlimani akijua mwenyewe atakavyouzuia. Firimbi ya pili ikilia, kila mtu anaendelea na maisha yake. Anayekaidi, vijana wa chama watamchukua. Nikaahidi. Mtu wa Tabora akiahidi, ameahidi.

Baba yake Mwenyekiti alikuwa amemtuma dawa ya minyoo ya ng'ombe, kwa hiyo kituo chetu cha kwanza baada ya sabuni kilikuwa duka la mbegu na dawa za mifugo. Nilikuwa wa mwisho kuingia. Mguu mmoja uko juu ya kizingiti, mwingine uko barabarani, nikasikia firimbi, kali, moja kwa moja. Nikasimama hapo hapo. Nikaweka na mkono kifuani, jambo ambalo Mwenyekiti hakuwa amelitaja, lakini niliona heshima ikizidi haina hasara.

Ilikuwa saa tano asubuhi.

Nyuma ya kaunta alikuwepo msichana mwenye sweta jekundu, vidole viwili bado viko mdomoni. Alikuwa anamwita mpakiaji aliyekuwa ghalani alete gunia la mbegu. Baadaye nilijua kwamba alizaliwa Timboroa, amekua akichunga kondoo wa baba yake kwenye ukungu ambao mtu haoni mkono wake mwenyewe, na huko anayetegemea macho hupoteza kondoo. Alinitazama, akanitazama tena.

"Umekwama?" akaniuliza.

Sikumjibu, maana firimbi ya pili ilikuwa haijalia. Mwenyekiti aligeuka akaona nilivyosimama, akafunika uso kwa mkono. Msichana alielewa. Alicheka mpaka akashika kaunta, mkulima mmoja aliyekuwa akinunua dawa ya kupe akacheka naye bila kujua kwa nini, kisha msichana akarudisha vidole mdomoni akapiga firimbi ya pili, mahsusi kwa ajili yangu.

"Haya, pita sasa. Bendera imeshuka."

Nikapita. Lakini ukweli ni kwamba kuna sehemu yangu iliyobaki pale mlangoni, na sikuweza kuichukua tena mwaka mzima.

Nilifanya kosa la kuwaambia rafiki zangu. Niliwaambia jioni hiyo hiyo, ndani ya lori la chuo, tukiwa tumekaa juu ya magunia ya unga wa jikoni. Nilitegemea wanicheke. Badala yake Mwenyekiti alivuta pumzi, akasema jambo hili ni zito na linahitaji kamati. Katibu akaunga mkono kwa Kiingereza. Lori halijafika chuoni, kamati imeshaundwa, ina mwenyekiti, ina katibu, na ina ajenda moja ambayo ni mimi.

Hapa lazima niseme walikuwa na hoja, na mimi mwenyewe niliwapa nusu yake. Kwetu Tabora mtu hajiposei. Anatumwa mshenga, mtu mwenye maneno, naye mwenye haja anakaa nyumbani anakunywa maji. Kwao Soy, wazee ndio huenda kuongea na kijana hukaa nyuma akitazama chini. Upande wa Ziwa nako wana utaratibu wao, ambao Katibu alitueleza kirefu. Tukachanganya mila tatu katika lori moja, tukapata mila ya nne ambayo haikuwahi kuwepo duniani. Katika mila hiyo, kijana anayempenda msichana hamwambii msichana neno lolote mpaka kamati iseme kwa niaba yake.

Mara moja tu nilijaribu kupinga. Nilipendekeza niseme mwenyewe. Katibu akasema huo ni ushindani, na ushindani unaamuliwa kwa kura. Ulikuwa mwaka ule wa kupiga kura kwa kupanga mstari, watu wote wamefundishwa, kwa hiyo tukapanga mstari nyuma ya bweni. Mwenyekiti akasimama huku, mimi nikasimama kule, na Katibu, ambaye ndiye aliyekuwa mpiga kura peke yake, akafikiri sana kisha akaja kusimama nyuma yangu. Sijui ni nini kilimgusa. Mwenyekiti akageuka, akautazama mstari wangu wenye mtu mmoja, akautazama wake usio na mtu, akatangaza kwamba Mwenyekiti ameshinda kwa kishindo. Katibu akasema, "Congratulations." Nami nikampa mkono. Ndivyo mambo yalivyokwenda, na si kwetu tu.

Basi kila Jumamosi tukaenda Siti, na kila Jumamosi ilifanana na mwenzake. Tuliteremka lori, tukamfuata Mwenyekiti nyayo kwa nyayo. Tulianza hotelini, tukaketi na chai na mandazi mpaka mhudumu akaanza kupangusa meza tukiwa tumeegemea viwiko juu yake. Mimi nilikuwa nikisema "naomba chai, ndugu," na mhudumu alinijibu kila wiki kwamba hapa hakuna kuomba, hapa ni kununua, na kwamba yeye si ndugu yangu. Neno hilo ndugu, ambalo kwetu alipewa kila mtu kuanzia waziri hadi kinyozi, kule liliwafanya watu watazame nyuma yao. Katibu alinishauri niliache. Alisema lina harufu ya vitabu fulani.

Tukitoka hapo tuliingia maduka yasiyotuhusu, tukashika vitambaa, tukauliza redio, tukapima viatu. Siku moja tuliingia studio tukapigwa picha mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Mwenyekiti alikaa katikati kwenye kiti, Katibu akasimama kulia akishikilia simu isiyounganishwa popote. Mimi nipo kushoto. Picha hiyo ninayo mpaka leo, na ndani yake kuna nusu ya uso wangu na sikio.

Kisha ndipo tulipokwenda dukani. Mwenyekiti alisimama mbele ya kaunta akaweka mikono nyuma. Alianza na salamu kutoka Soy, akapita kwenye mvua, akazungumzia bei ya mahindi, ugonjwa wa ng'ombe, na umuhimu wa umoja. Halafu akasema kwamba kuna jambo, jambo jema, ambalo kamati italileta wakati ukifika. Katibu akaongeza kwamba consultations zinaendelea. Msichana alisikiliza huku akipima mbegu, akanitazama mimi niliyesimama karibu na mabomba ya kunyunyizia dawa.

"Na huyu?" aliuliza Jumamosi moja. "Yeye haongei?"

"Huyu ni mgeni," Mwenyekiti akamjibu. "Sisi ndio tunamwakilisha."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyewahi kusikia hivyo kuhusu mambo mengine. Sheria ya duka ilikuwa kwamba asiyenunua asizuie wanunuzi, kwa hiyo kabla ya kutoka nilinunua pakiti ya mbegu za sukumawiki. Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yangu. Nilimpa hela, akanipa pakiti, nikasema asante sana, naye akasema karibu. Nilirudi chuoni nikilirudia hilo karibu njia nzima. Mbegu zilipojaa kwenye droo nikazipanda nyuma ya bweni, na kufikia muhula wa pili bweni zima lilikuwa linakula sukumawiki ya mapenzi yangu. Hakuna aliyejua isipokuwa kamati, ambayo ilikula kuliko wote.

Miezi ikaenda. Mwenyekiti hakuwa na haraka. Alikuwa amegundua kwamba kuzungumzia jambo ni kutamu kuliko kulimaliza. Mimi nilikuwa naumia, na sitaki kulifanya jambo hilo kuwa mzaha. Usiku nilitunga maneno, maneno mazuri ya kwetu, na kila Jumamosi nikayabeba mpaka pale kwenye mabomba ya dawa, nikayarudisha yakiwa mazima. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja. Baada ya hapo sufuria ingerudishwa kwa mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na mpango wa kuiazima tena.

Jumapili moja Mwenyekiti alitupeleka kwa shangazi yake Kiplombe, mama mwenye shamba dogo, ng'ombe wawili na mdomo mmoja uliotosha kwa watu wanne. Alitupa mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye majivu, nikayanywa yote kwa sababu nimelelewa vizuri, akaniongezea kwa sababu alidhani nimeyapenda. Mwenyekiti akamweleza kwa fahari kazi ya kamati. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwani ni nani anataka huyu msichana?" akauliza.

Mwenyekiti akanionyesha mimi.

"Na nyinyi ndio mnaongea?" Akamtazama mpwa wake kwa muda. "Wazee huenda kwa baba yake, kuongea maneno ya ng'ombe. Kwa msichana mwenyewe huendi na wazee. Unaenda na mdomo yako."

Katibu akasema, "With respect, Mama, there is a procedure." Shangazi akamwambia procedure anywe maziwa yake. Njiani kurudi Mwenyekiti alisema wanawake wa Kiplombe wameharibiwa na kukaa karibu na mji, na kwamba kamati itaendelea. Lakini lile la mdomo liliniingia na halikutoka.

Ikafika Jumamosi ya mwisho. Jumanne ningepanda basi la kurudi kwetu. Niliwaambia wenzangu wazi kwamba leo jambo lazima lisemwe, na Mwenyekiti akakubali, akasema ameandaa hotuba maalumu. Tukafika dukani tukakuta wateja wamejaa mpaka nje, maana mvua za kupanda zilikuwa zimekaribia na kila mkulima wa wilaya alitaka mbegu siku ile ile. Msichana alitupungia mkono tu. Tukangoja. Tukanywa chai, tukarudi, tukangoja tena. Jua likaanza kulala. Mwishowe alifunga hesabu zake, akavaa kitambaa kichwani, akatoka na kikapu, akasema lazima awahi basi la Timboroa ambalo huondoka likijaa.

"Tutakusindikiza," Mwenyekiti akasema.

Tukaenda naye. Yeye na Mwenyekiti mbele, Katibu nyuma yao kidogo, mimi nyuma kabisa nimebeba kikapu. Mwenyekiti akaanza na salamu kutoka Soy. Tulipita benki akiwa kwenye mvua. Tulipita kituo cha petroli akiwa kwenye mahindi. Niliona basi la Timboroa mbele yetu, utingo ananing'inia mlangoni akiita, viti viwili vitatu tu vimebaki, na Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye magonjwa ya ng'ombe. Niliharakisha nikawafikia. Nilifungua mdomo. Mwenyekiti, bila kugeuka, akaniinulia kiganja nisubiri.

"Kwa hivyo kamati," akasema, "imeonelea kwamba lile jambo, kwa faida ya pande zote..."

Firimbi ikalia.

Tulikuwa tumefika mbele ya ofisi ya DC. Mwenyekiti akakatika katikati ya neno. Katibu akashusha mikono. Utingo akanyamaza, muuza karanga akashika karai lake, mzee wa baiskeli akaweka mguu chini. Barabara nzima ilitulia. Kwenye mlingoti bendera ilianza kuteremka, taratibu, kamba ikikwama kidogo na askari akiivuta kwa adabu. Na mimi nilijikuta nimesimama ana kwa ana na yeye, hatua moja kati yetu, kikapu chake mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze hakuna aliyekuwa anazungumza kwa niaba yangu.

Aliitazama bendera. Midomo yake haikusogea, lakini nilimsikia.

"Ongea sasa," alisema. "Hao wako wamenyamaza."

Niliikumbuka semina, nikakumbuka kuahidi kwangu, nikamwona kijana wa chama na beji yake ng'ambo ya barabara akitupitishia macho. Nikakumbuka pia Jumanne. Maneno mazuri niliyoyatunga usiku yote yalikimbia, halikubaki hata moja. Nikasema yaliyokuwepo. Niliyasema kwa sauti ya chini huku nikitazama mlingoti kama raia mwema, na pembeni niliona shingo ya Mwenyekiti ikivimba kwa uchungu wa mtu anayesikia kazi yake ikifanywa na mwingine naye haruhusiwi kukatiza.

Firimbi ya pili ikalia. Dunia ikaendelea. Kijana wa chama alikuwa ameshafika.

"Ni nani alikuwa anaongea na bendera inashuka?"

Mwenyekiti, aliyeongea mwaka mzima, aliviangalia viatu vyake. Kijana akamgeukia Katibu akamuuliza kama yuko pamoja na mimi. Katibu akakohoa, akasema kwa Kiswahili safi ambacho sikujua anacho, "Mimi ninapita tu." Kamati ikavunjika hapo hapo, bila kikao.

"Ni mimi," nikasema.

"Alikuwa anaongea na mimi," msichana akasema.

"Basi twende wote wawili."

Nyuma yetu basi la Timboroa lilipiga honi likaondoka. Alilitazama mpaka likapinda. Nilimwambia samahani, akasema ana dada yake anayekaa karibu na mto, atalala kwake, na nishike kikapu vizuri mayai yasivunjike.

Katika ofisi ya chama tulimkuta mzee mmoja mnene, amevaa koti zito, mbele yake birika la chai na kipande cha mkate, redio ikisoma habari ambazo zilianza, kama siku zote, kwa kutueleza Mtukufu ameamkia wapi. Picha yake ilikuwa ukutani juu ya kichwa cha mzee. Nikasema shikamoo. Mzee akageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine aliyeingia. Kijana akatoa ripoti. Mzee akapunguza redio.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Tabora, mzee. Tanzania."

"Huko kwenu hakuna bendera?"

"Ipo, mzee."

"Na ikishuka mnaongeanga?"

"Hapana, mzee."

"Sasa ni kitu gani ulikuwa unaambia huyu msichana, haingeweza kungoja bendera ifike chini?"

Nilimtazama msichana. Alikuwa ameketi kwenye benchi na kikapu magotini, ananisikiliza kwa makini, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba alisikia sawasawa mara ya kwanza. Sikuwa na mshenga. Nilikuwa na mzee wa chama, kijana mwenye beji, na Mtukufu ukutani.

"Nilimwambia Jumanne narudi kwetu na sitarudi tena," nikasema. "Nilimwambia sina shamba wala ng'ombe wala kondoo, na mbegu zote zile nilizinunua ili niambiwe karibu. Nilimwambia nampenda tangu siku niliyokwama mlangoni kwake. Nikamwambia kama yeye anataka, wazee wangu watatoka Tabora kwenda Timboroa, na kama hataki aniambie mwenyewe, asiiambie kamati."

Kijana wa chama aliinua macho akatazama dari. Mzee aliweka kikombe chini.

"Hiyo yote na bendera moja?"

"Waliishusha polepole, mzee."

Akafikiri juu ya jambo hilo. Kisha akamgeukia msichana. "Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu, Mzee," akasema, kwa sauti ya upole kabisa. "Bendera ilikuwa inashuka."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akamwambia kijana aone, huyu ndiye mwananchi. Mimi, niliyejua ni nani aliyeanza, nilifunga mdomo wangu.

"Sasa imeshuka," mzee akasema. "Jibu, nifunge ofisi."

Alitazama picha, akamtazama mzee, akamtazama kijana aliyekuwa amesogea karibu ili asipitwe. "Nitamjibu nje," alisema. "Hapa watu ni wengi."

Mzee akacheka, tumbo likatikisa meza. Akaniambia niende, na siku nyingine nikiwa na neno la namna hii niliseme mchana. Akainuka, akavaa kofia, akamtuma kijana alete kufuli.

Nje, chini ya taa ile moja, kamati ilikuwa inatungoja. Nadhani hofu ilikuwa imewatoka na aibu imewaingia. Katibu alikuwa anakaza tai. Mwenyekiti aliponiona mzima, uso ukamng'aa, akaja mbele, akarudisha mikono nyuma, akasafisha koo.

"Kwa niaba ya kamati," akaanza, "tungependa kwanza..."

Msichana alinipa kikapu. Akaweka vidole viwili mdomoni.

Firimbi ile ilipasua barabara. Mwenyekiti akasimama wima, mdomo wazi. Katibu akaganda na mkono kwenye tai. Muuza karanga aliyekuwa ameanza kufungasha akasimama, mzee wa baiskeli akaweka mguu chini mara ya pili jioni ile, na nyuma yetu, mlangoni, kijana wa chama alikuwa amesimama na kufuli mkononi, karibu yake mzee amevua kofia na kuishika kifuani. Hakuna aliyetazama saa. Hakuna aliyeuliza bendera ya wapi. Hata mimi mguu mmoja ulikuwa umeshakataa kwenda.

Akanishika mkono.

"Wewe njoo," akasema. "Jibu ni ndiyo. Lakini mwambie baba yako aje Timboroa na watu wa kwenu, si hawa."

Tukatembea kuelekea upande wa mto, katikati ya watu waliosimama. Tulipofika kona niligeuka. Walikuwa bado wamesimama. Nikamuuliza kama hatawapigia ya pili.

"Waache kwanza," akasema. "Nataka kusikia ile ingine ulisema, ile ya mbegu."

Nikamwambia tena.